Kuwasilisha Mada Kongamanoni kwa Slaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ikisiri yake imekubaliwa, jina lake limo kwenye ratiba, na amepewa dakika 15 au 20 mbele ya watu. Mifano mingi ni ya makongamano ya kitaaluma ya Afrika Mashariki, hasa yale yanayoendeshwa kwa Kiswahili. Mtu wa afya, kilimo au tehama naye atajikuta humu, maana projekta haimjui mwanaisimu wala daktari.

KABLA YA KUFUNGUA KOMPYUTA

Nimepewa dakika 15. Nipange kuzungumza dakika ngapi?

Kumi na mbili. Ndani ya zile 15 mna mwenyekiti anayekutambulisha, wewe unayetembea hadi mbele, fundi anayetafuta faili lako, na maswali. Waulize waandaaji mapema kama muda huo unajumuisha maswali. Wakisema haujumuishi, panga dakika 13, usiende zaidi.

Zile 12 zinaweza kugawanywa hivi: dakika 1 ya swali lako na kwa nini linafaa kuulizwa, 2 za usuli, 2 za mbinu, 5 za matokeo, 1 ya maana ya matokeo hayo, 1 ya kufunga. Kosa linaloharibu mawasilisho mengi ni usuli kumeza dakika saba. Mtu anataja watangulizi kumi na nadharia mbili, halafu matokeo, ambayo ndiyo yaliyowaleta watu ukumbini, yanapitishwa mbiombio kwa udhuru wa "muda si rafiki".

Kikao kikichelewa kuanza, na hilo si jambo geni, mwenyekiti atawapunguzia nyote. Kwa hiyo weka alama kwenye slaidi tatu au nne unazoweza kuziruka bila hoja kuanguka. Uamuzi huo ufanyike nyumbani. Ukiuacha hadi jukwaani utaruka slaidi muhimu na kubaki na ya mapambo.

Itifaki je? Si lazima niwataje wakubwa waliopo?

Kwenye ufunguzi rasmi kuna watu wa kazi hiyo. Kwenye kikao chako inatosha kusema: "Mwenyekiti, ndugu washiriki, itifaki imezingatiwa." Hizo ni sekunde tano. Kutaja watu sita kwa majina na vyeo kutakula karibu dakika nzima, na hapo bado hujamsahau wa saba, ambaye ndiye atakayenuna.

Makala yangu ina kurasa 22. Naipunguzaje?

Huipunguzi, unachagua. Andika sentensi moja inayoanza hivi: "Nikimaliza, nataka msikilizaji amwambie mwenzake wakati wa chai kwamba…" Kisha imalizie. Ukiona huwezi kuimaliza bila kutia "na pia" mara mbili, una mada mbili, na mojawapo ingoje kongamano lijalo.

Sentensi ikishapatikana, chagua ushahidi wa aina mbili au tatu unaoibeba. Mengine yabaki kwenye makala. Msomaji wa makala anaweza kurudi ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hana ukurasa wa nyuma, na sentensi iliyompita imempita.

Naweza kuisoma makala neno kwa neno?

Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nafasi mbili huchukua takribani dakika mbili hadi tatu kusomwa kwa sauti. Kurasa 22 ni dakika 44 kwa uchache. Hata ukiifupisha, sentensi za maandishi zimejaa virejeshi vinavyofuatana (ambavyo, vilivyo, vinavyo) na sikio huchoka kabla kitenzi kikuu hakijafika.

Kuna mtego mwingine. Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza na husema mzungumzaji apange maneno 130 au 150 kwa dakika. Kwa Kiswahili hesabu hiyo haifai. "Hatukuwaambia" ni neno moja kwetu, lakini limebeba ukanushi, mtenda, wakati uliopita, watendwa na kitenzi chenyewe. Maneno yetu ni machache na marefu. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa maneno yako mwenyewe, kwa mwendo wako wa kawaida, ukiwa na saa mkononi. Idadi utakayoipata ndiyo yako.

Slaidi ziwe ngapi?

Kwa dakika 12, kati ya 10 na 13 hutosha. Lakini namba si amri. Ile kanuni maarufu ya Guy Kawasaki ya slaidi 10, dakika 20 na herufi za ukubwa wa 30 ilikusudiwa wajasiriamali wanaoomba mtaji. PechaKucha, mtindo wa uwasilishaji ulioanzia Tokyo mwaka 2003, ni slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, yaani dakika 6 na sekunde 40. Shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, linaruhusu slaidi moja tu. Kila muundo una kazi yake. Slaidi moja ibebe jambo moja. Yenye mambo matatu igawe mara tatu, muda utabaki uleule.

KUTENGENEZA SLAIDI

Herufi ziwe na ukubwa gani?

Maandishi ya kawaida 28 hadi 32, kichwa 36 au zaidi, na namba za kwenye mihimili ya grafu zisipungue 20. Chini ya 24 kwa maandishi ya kawaida, watu wa nyuma wanakodoa macho kwanza, kisha wanahamia kwenye simu.

Jaribio la nyumbani ni hili. Mtu aliyekaa mwisho wa ukumbi mara nyingi huwa umbali wa mara sita ya upana wa skrini. Kompyuta mpakato ya inchi 14 ina skrini yenye upana wa sentimita 31 hivi, na mara sita yake ni karibu mita 2. Weka kompyuta mezani, onyesha slaidi kwa skrini nzima, rudi nyuma mita 2 na usome. Usichoweza kusoma hapo, mshiriki wa safu ya mwisho hatakisoma. Sentensi ya "najua hamuoni vizuri, lakini…" ni ungamo kwamba slaidi hiyo haikupaswa kuwepo.

Nitumie rangi gani?

Maandishi meusi au ya buluu iliyokoza juu ya nyeupe. Kumbi nyingi zina madirisha makubwa na mapazia mepesi, na kikao cha baada ya chakula cha mchana hukutana na jua limepiga ukutani. Slaidi ya mandhari nyeusi inayopendeza chumbani usiku hugeuka kijivu cha moshi. Mandhari nyeusi iache kwa ukumbi unaozimwa taa kwa hakika.

Njano juu ya nyeupe haionekani. Nyekundu na kijani zisitumike kutofautisha mistari miwili ya grafu, kwa sababu wapo wasioweza kuzitenganisha, wengi wao wanaume. Buluu na rangi ya chungwa ni salama. Bora zaidi, andika jina la kila mstari kwenye ncha yake, usimlazimishe mtu kurukaruka kati ya grafu na ufunguo.

Kichwa cha slaidi kiandikweje?

Kiwe sentensi inayosema kitu. "Matokeo" si kichwa, ni jina la droo. Na kwa kuwa hapa ndipo slaidi nyingi hufia, tuitazame moja kwa karibu.

Tuseme mada yako inagusa ongezeko la watu Tanzania, na una takwimu za sensa sita: milioni 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Slaidi ya kawaida ingekuwa na kichwa "Idadi ya Watu Tanzania", chini yake jedwali la safu sita lenye tarakimu kamili kama 61,741,120, na chini kabisa jina la chanzo kwa herufi za sisimizi. Msikilizaji anaanza kusoma 12,313,469, nawe umeshafika 2002.

Anza na kichwa: "Idadi ya watu imekuwa mara tano tangu 1967". Ni kweli, kwa maana 12.3 mara tano ni 61.5. Sasa tarakimu nane hazina kazi, tosheka na nukta moja ya desimali. Jedwali ligeuke grafu ya mstari. Andika namba mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho, kwa herufi kubwa. Zile nne za katikati ziwe vitone visivyo na namba.

Hapo ndipo mtego unapojificha. Sensa hizo hazikupishana kwa miaka sawa: kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, na kati ya 1988 na 2002 ni 14. Ukichora kwa nguzo zilizoachiana nafasi sawa, ambavyo ndivyo programu hufanya yenyewe usipoiambia vingine, kipindi cha 1988 hadi 2002 kitaonekana kimepanda kwa kasi kuliko kile cha 2002 hadi 2012, kwa sababu ongezeko lake ni milioni 11.3 dhidi ya 10.5. Gawa kwa miaka uone: cha kwanza ni wastani wa milioni 0.8 kwa mwaka, cha pili milioni 1.05. Mchoro umesema kinyume cha ukweli na hakuna namba hata moja iliyokosewa. Chagua grafu ya nukta yenye mhimili wa miaka halisi, na mteremko utajisahihisha. Katika ukumbi wenye mtu mmoja wa takwimu, hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza.

Lakini nikiondoa maandishi, nitakumbukaje ninachotaka kusema?

Maandishi ya kukukumbusha wewe yana mahali pake: kadi mkononi, au sehemu ya maelezo chini ya slaidi, ambayo ukumbi hauioni. Mtu hawezi kusoma aya na kusikiliza aya nyingine kwa wakati mmoja. Akiona maandishi atayasoma, na atayamaliza kabla yako, kisha atakusubiri. Mistari minne, kila mmoja maneno sita au saba, ni mpaka mzuri.

Naandika slaidi kwa Kiingereza huku nikizungumza Kiswahili. Kuna ubaya?

Upo. Ukumbi unafanya kazi mbili, kusikiliza na kutafsiri, na wewe mwenyewe utaanza kuchanganya lugha bila kukusudia kwa kuwa jicho linasoma moja na mdomo unasema nyingine. Chagua lugha ya slaidi iwe ileile ya mazungumzo. Kama washiriki wametoka nchi mbalimbali, istilahi moja moja zinaweza kuwekewa maelezo mafupi. Kumbuka pia kwamba neno la Dar es Salaam si lazima liwe neno la Nairobi au Lubumbashi. Kompyuta mpakato na kipakatalishi ni kitu kimoja. "Laki tatu" na "elfu mia tatu" ni kiasi kimoja, lakini si kila mgeni anahesabu kwa laki. Namba kubwa itamke na ionekane pia kwenye slaidi.

Alama zangu za kifonetiki ziligeuka visanduku vitupu. Kwa nini?

Kompyuta ya ukumbini haina fonti uliyoitumia, ikaweka nyingine isiyo na alama hizo. Suluhisho ni mbili, na fanya zote. Kwanza, kwenye PowerPoint ya Windows ingia menyu ya faili, kisha chaguo, kisha sehemu ya kuhifadhi, uweke tiki ya kupachika fonti ndani ya faili. Pili, toa nakala ya PDF, ambayo hubeba fonti zake. Kwa wanaisimu, fonti za bure kama Doulos SIL na Charis SIL zina alama zote za kifonetiki.

Uwiano wa upana na kimo cha slaidi uwe 16:9 au 4:3?

Uliza. Projekta nyingi za sasa ni 16:9, lakini za zamani za 4:3 bado zinafanya kazi vyuoni. Slaidi ya 16:9 kwenye projekta ya 4:3 hutumia robo tatu tu ya kimo, na herufi zako zinasinyaa. Ukibadilisha umbo la slaidi mwishoni, kagua kila picha. Mara nyingi nyuso huvutwa, na wazee wa kijiji ulichofanyia utafiti wanaonekana wamenenepa ghafla.

Nembo ya chuo iwe kwenye kila slaidi?

Ya kwanza na ya mwisho zatosha.

MAZOEZI

Nifanye mazoezi mara ngapi?

Angalau mara tatu kwa sauti, umesimama, saa ikiwa inakwenda. Kupitia slaidi kimyakimya hakuhesabiki, kichwa husoma haraka kuliko mdomo. Mara ya kwanza utazidisha muda, hilo ni la kawaida: kata, usiongeze kasi. Mara ya pili mwite mtu asiye wa taaluma yako, na ukimaliza mwulize umesema nini. Akikurudishia ile sentensi ya wakati wa chai, umefika. Mara ya tatu tumia kifaa utakachotumia siku yenyewe.

Sentensi mbili za mwanzo na mbili za mwisho zikariri kabisa. Katikati usikariri, ukisahau neno moja kwenye kitu ulichokariri mnyororo wote unakatika.

Ni kweli kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano?

Si kweli, ingawa utaisikia kwenye semina nyingi. Namba za 7 (maneno), 38 (sauti) na 55 (uso) zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu jinsi watu wanavyopima hisia za msemaji pale neno, sauti na uso vinapogongana. Hayakuhusu hotuba wala taarifa za kitaaluma. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungeweza kuwasilisha kwa Kijapani na ukumbi wa Zanzibar ukaelewa sehemu kubwa.

Natetemeka. Nifanye nini?

Kunywa maji kidogo kabla ya kuitwa, si wakati unaitwa. Ukifika mbele, toa pumzi taratibu, tazama watu kwa sekunde mbili, ndipo useme sentensi uliyoikariri. Karatasi ya A4 mkononi hutangaza mtetemeko kwa ukumbi mzima, kadi ngumu ndogo haitangazi. Tabia ya "yaani… eee… nini…" hupona kwa kunyamaza. Ukimya wa sekunde mbili unaokuchoma wewe, msikilizaji hauoni.

SIKU YENYEWE

Nibebe nini?

Kompyuta iliyojaa chaji na chaja yake. Faili kwenye flashi, kwenye barua pepe yako, na kwenye simu, kwa umbo la kawaida na la PDF. Adapta ya kutoka kwenye kompyuta yako kwenda HDMI, na nyingine ya VGA (aina mbili za matundu ya kuunganisha projekta). Betri za akiba za rimoti, nyingi hutumia za AAA. Kadi za maelezo.

Plagi husahaulika. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa kama Uingereza. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Goma na plagi ya pini mbili za mviringo aje na adapta yake. Jina la faili liwe na siku, ukumbi na jina lako, si "mwisho_kabisa_2".

Ratiba imeandika saa 3:00. Ni saa ngapi hasa?

Swali la haki. Ratiba ya Kiswahili ikisema saa 3:00 asubuhi ni saa 9:00 kwa hesabu ya kimataifa, lakini kuna waandaaji wanaotafsiri ratiba kutoka Kiingereza na kuacha namba ilivyo. Tazama chai ya asubuhi imewekwa saa ngapi, utajua. Kwa kongamano la mtandaoni, Nairobi na Dar es Salaam ziko saa moja mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na saa moja nyuma ya Muscat.

Fika ukumbini dakika 30 kabla ya kikao kuanza, si kabla ya zamu yako. Pitia slaidi zote kwenye kompyuta ya pale, moja baada ya nyingine.

Nimechomeka kebo na hakuna kinachoonekana.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili skrini au kuipanua. Kunakili huonyesha kitu kilekile pande zote mbili. Kupanua hukuruhusu wewe kuona maelezo yako na slaidi inayofuata, huku ukumbi ukiona slaidi peke yake. Ikikataa bado, hakikisha projekta imechaguliwa kupokea kutoka tundu sahihi, chomoa kebo na uichomeke tena.

Kuhusu video: VGA haibebi sauti. HDMI hubeba, lakini mara nyingi sauti inaishia kwenye kispika kidogo cha projekta, si spika za ukumbi, na fundi atahitaji waya mwingine. Jaribu kabla ya watu kuingia, au eleza video kwa maneno.

Vitufe gani nivijue kwa PowerPoint?

F5 huanza mwanzo, Shift na F5 huanza slaidi uliyopo. Kwenye kompyuta mpakato nyingi F5 huhitaji kubonywa pamoja na Fn. Wasiolijua hilo huwasilisha wakiwa bado kwenye ukurasa wa kuhariri, Kiswahili chote kikiwa kimepigiwa mistari myekundu. B huifanya skrini kuwa nyeusi, na ukiibonya tena slaidi inarudi. Hicho ndicho kitufe kinachotumika kidogo na kusaidia sana, kwa sababu macho yote yanarudi kwako. Ukiandika namba ya slaidi kisha Enter, unaruka moja kwa moja hadi hapo. Chapisha orodha ya namba na vichwa, itakuokoa wakati wa maswali.

Maiki niishikeje?

Chini kidogo ya mdomo, sentimita 5 hadi 10, na isogee pamoja na kichwa. Usiipulizie wala kuigonga, sema "habari za asubuhi" kuijaribu. Usisimame mbele ya spika, italia. Maiki ikiwa imefungwa kwenye meza ya mzungumzaji, kila unapogeukia skrini sauti yako inapotea, na ni hapo hasa unapoeleza grafu.

Na taa ya leza?

Inatetemeka na mkono, haionekani vizuri kwenye skrini kubwa za televisheni, na aliye mtandaoni haioni kabisa. Chora mshale ndani ya slaidi.

Kuna wakalimani. Nibadilishe chochote?

Wape slaidi na maelezo siku moja kabla, pamoja na orodha ya majina ya watu, mahali na vifupisho. Punguza mwendo, na baada ya kila namba tua. Mkalimani yuko nyuma yako kwa sentensi moja hivi. Methali na mizaha ichague kwa uangalifu, wa Kiswahili watacheka sasa na wa Kifaransa baadaye, au wasicheke.

Nikiwasilisha kutoka nyumbani?

Kwenye Zoom, weka tiki ya kushiriki sauti ya kompyuta kabla ya kushiriki skrini, vinginevyo video itakuwa bubu. Funga WhatsApp kwenye kompyuta. Ujumbe wa "tuma hela ya gesi" ukitokea juu ya matokeo yako, ndio utakaokumbukwa. Weka kamera usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako. Simu yenye bando la mtandao mwingine iwe tayari pembeni, na mwandaaji mmoja awe na faili lako ili akuendeshee slaidi ukibaki na sauti peke yake.

Umeme ukikatika?

Usingoje. Hata jenereta ikiwaka baada ya nusu dakika, projekta ya taa ya kawaida iliyozimika ghafla huhitaji kupoa kabla ya kuwaka tena, na hizo ni dakika kadhaa zako. Songa mbele karibu na watu, paza sauti, endelea kutoka kwenye kadi. Grafu yenye namba mbili inaelezeka kwa mdomo, jedwali la tarakimu nane halielezeki.

Mwenyekiti ameonyesha kadi ya dakika mbili na mimi niko slaidi ya saba.

Andika namba ya slaidi ya hitimisho, bonya Enter, funga. Usiombe "dakika moja tu mwenyekiti". Hiyo dakika ni ya mwenzako anayekufuata.

MASWALI NA MICHANGO

Slaidi ya mwisho isemeje?

Isiwe "Asanteni kwa kunisikiliza". Hiyo unaisema kwa mdomo. Slaidi ya mwisho ndiyo inayokaa mbele ya watu muda mrefu kuliko zote, dakika zote za maswali. Weka hoja yako kuu, grafu yake kama ipo, na barua pepe. Nyuma yake ficha slaidi za akiba: jedwali kamili, dodoso, mbinu ya sampuli.

Mtu anasema "sina swali, nina mchango" na haumaliziki.

Andika neno moja au mawili ya anachosema, ili aone unamsikiliza. Akivuta pumzi, sema: "Asante sana, Profesa. Hoja ya sampuli nimeipokea," ukimtazama mwenyekiti. Akiwa amekuzidi umri au cheo, heshima haitaki ujibu kila kitu, na mbishano wa watu wawili hula muda wa ukumbi mzima.

Nikiulizwa nisichokijua?

Rudia swali kwa maneno yako, kwa kuwa wa nyuma hawakulisikia na wewe unapata sekunde tano. Kisha sema kile data yako inachoonyesha na pale inapokomea: "Sampuli yangu ilikuwa ya shule za mjini, za vijijini sikuzigusa." Kubuni jibu ni hatari, mara nyingi aliyeuliza ndiye aliyeandika juu ya jambo hilo.

Hakuna aliyeuliza kitu.

Hesabu kimoyomoyo hadi saba. Ukimya ukiendelea, fungua slaidi moja ya akiba na useme, "Kuna jambo nililolipita kwa sababu ya muda." Mara nyingi mkono wa kwanza hunyanyuka hapo. Usiponyanyuka, mshukuru mwenyekiti, chomoa flashi yako na umwachie nafasi anayefuata.